Slabu Isiyo na Ufa

Mlango wa chumba cha Tumu ulianza kugoma katikati ya Ramadhani. Ulikuwa mlango wa mvule, mzito, aliourithi kwa mamake, na miaka yote haukuwa na neno. Sasa ukifungwa ulikwaruza juu kwenye fremu, ukanasa hapo mpaka usukumwe kwa bega. Tumu alimwambia mumewe walipokuwa wakifuturu. Badi alitafuna tende yake taratibu, akasema mbao huvimba, ni unyevu. Tumu akasema unyevu wa mwaka huu haukuzidi wa miaka mingine. Badi akasema basi mlango umezeeka, na kuzeeka si dhambi, akaomba uji.

Mazungumzo yote juu ya nyumba yalikuwa yakiishia hivyo siku zile. Nyumba yenyewe, pale Bofu, nyuma ya msikiti mdogo, Tumu alipewa na babake alipoolewa, kama ilivyo desturi ya watu wao: binti hapelekwi kwa wakwe kama mzigo, hupewa mahali pake na mume akamfuata huko. Badi aliingia humo na sanduku moja la nguo na duka la viungo lililokuwa bado halijasimama. Sasa zamu ilikuwa yake kumpa binti mahali, ghorofa juu ya nyumba hiyo hiyo, maana Sumeya alikuwa akiolewa Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani, na Badi hakutaka mtu amkumbushe kuwa ukuta wa chini haukuwa wa kwake.

Lililomtia wazimu ni siku ya posa. Nasreen, mamake Mussab, alikuja na wanawake wenziwe kutoka Kisauni, watu wa maduka ya nguo tangu enzi za babu zao, wakaketi sebuleni kwa adabu zote. Dari ya zamani ilikuwa imechoka. Ilimwagwa kwa mchanga wa pwani na maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi ikala nondo za chuma zilizokuwa ndani, zikavimba kwa kutu na kulipasua zege. Tumu alipokuwa akimimina kahawa, bonge la zege likaanguka katikati ya sinia ya halua. Nasreen alipangusa buibui lake bila haraka.

"Si neno, Bi Tumu," alisema. "Nyumba za zamani zina baraka zake. Na watoto watakaa humu humu?"

Badi alikuwa nyuma ya pazia na aliyasikia yote. Hakulala vizuri tangu siku hiyo. Dari ilipovunjwa alizichomoa nondo kwa mikono yake mwenyewe, zimeliwa zikabaki nyembamba kama njiti, akachukua kipande kimoja akakiweka dukani juu ya mizani. Aliyekuja kununua bizari au iliki alionyeshwa kwanza. "Huyu ndiye adui yangu," alikuwa akisema.

Hapo ndipo Imad alipokuja na maneno yake. Imad alikuwa mtoto wa kaka yake Tumu, kijana msomi, mwenye moyo safi, akifanya kazi na kampuni iliyokuwa ikijenga sakafu za maghala na yadi za makontena huko Changamwe. Alieleza kuwa siku hizi zege huchanganywa na nyuzi fupi fupi. Nyingine za chuma, zimepindwa ncha mbili, urefu wa kidole. Nyingine za plastiki, nyeupe, laini kama nywele za mzee. Nyuzi hizo huenea ndani ya zege lote, na zege likianza kukauka na kutaka kupasuka, kila mahali pana uzi wa kulishika. Yeye kwa macho yake alikuwa ameona sakafu isiyo na nondo hata moja, kontena lililojaa likiwekwa juu yake na mashine ya kubebea ikipita, na isipasuke.

"Na hizi za plastiki, ami, chumvi haizili," alisema.

Badi aliweka kikombe chini. Babu yake alikuwa akichanganya makumbi ya nazi kwenye udongo wa kukandika kuta, na kuta zile zilisimama mpaka zikabomolewa kwa tingatinga. Jambo hili halikuwa geni kwake, lilikuwa la kwao, limerudi kwa jina jipya. Zaidi ya hayo Imad aliweza kupata mifuko ya nyuzi iliyobaki kazini bila bei, na nondo zilikuwa zimepanda mpaka mtu akitajiwa anacheka. Wakakubaliana kuwa katika slabu mpya, sakafu ya ghorofa, nondo zitiwe pembeni tu, juu ya kuta, na katikati zichache za kushikiza. Kazi nyingine yote ifanywe na nyuzi. Gona, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, alifurahi. Alisema kufunga nondo kulikuwa kukimmaliza mgongo, na mwenye nyumba akitaka hata kuchanganya tambi, yeye atachanganya.

Siku ya kumwaga slabu Tumu aliwapikia mafundi pilau, akawa anapanda na kushuka. Aliona zege likitoka zito, linanata kwenye koleo, na nyuzi zikijisokota mabonge mabonge. Gona alilitukana, kisha akaita mpira wa maji. Lilipolainika likateleza vizuri, kila mtu akafurahi, na Tumu naye akafurahi, kwa kuwa pilau lilikuwa limeiva na lingepoa.

Slabu ilikauka haina hata ufa. Hilo ndilo lililowapumbaza wote. Slabu za majirani hupasuka vijistari siku ya pili tu, kama uso wa kikombe cha kale, lakini hii ilikauka laini toka ukuta hata ukuta. Badi aliwapandisha watu juu, wapita njia, wateja, hata imamu, akawaambia wamtafutie ufa mmoja. Maboriti ya kuegemeza yaliondolewa mapema kwa sababu harusi ilikuwa karibu. Juu vikajengwa vyumba viwili vya matofali na choo, na chini Badi akaweka dari ya jipsam yenye maua na taa za rangi, ili siku Nasreen akirudi asione tena zege uchi likimtazama kutoka juu.

Kwa hiyo mlango ulipogoma, hakuna aliyetaka kuusikia.

*

Badi alimwita seremala. Mlango ukavuliwa, ukapigwa randa juu, ukarudishwa. Ukafunga vizuri, na Badi akaufungua na kuufunga mbele ya mkewe mpaka Tumu akasema inatosha, ameona. Haikupita muda mrefu, siku za kumi la mwisho, ukaanza tena kukwaruza pale pale.

Imad alipokuja kufuturu, Tumu alimshika mkono akampeleka chumbani. Akamwonyesha vumbi la mbao lililokuwa likidondoka kila mlango ukisukumwa.

"Mbao yaweza kuvimba, nakubali," Tumu alisema. "Lakini hii imekatwa, nayo yagusa tena. Si mlango unaopanda, Imad. Ni kitu kinachoshuka."

Imad alitazama juu. Aliona maua ya jipsam. Alisema amepita slabu yote kwa juu, hana alichokiona, haina hata ufa.

"Juu umepita. Na chini?"

"Chini kuna jipsam, shangazi."

"Basi itoboe."

Badi alikuwa amesimama kwenye ukumbi. Hakupaza sauti, alikuwa amefunga na ni mtu wa kujizuia. Aliuliza tu kama Tumu anataka dari ya harusi itobolewe kwa ajili ya mlango, na kama siku ya hina atawaambia wageni kuwa ni panya. Kisha akasema neno ambalo Tumu hakulisahau. "Babako alikupa nyumba ikawalia watu halua. Mimi nimempa mwanangu nyumba isiyo na ufa. Niache basi nilifurahie hili moja."

Tumu angeweza kujibu. Nyumba ilikuwa yake, na ulimi alikuwa nao. Lakini alimwona mumewe alivyokuwa amesimama, na kanzu yake ya msikitini, akimtazama kama mtu anayeomba, na akamwonea huruma. Baadaye alijilaumu sana kwa huruma hiyo. Imad aliinamisha kichwa, akala futari kidogo, akaaga.

*

Siku ya hina wanawake walianza kuja baada ya adhuhuri. Desturi ilitaka upande wa bwana harusi wapande wakaone chumba: kitanda, kabati, mapazia, vyombo, mpaka wafungue mitungi. Nasreen alipanda mbele, ameshika pindo la leso, viatu ameviacha chini kama wenziwe. Alisifu kitanda. Alisifu mapazia kidogo. Kisha akasimama ghafla, akainua mguu.

Uzi wa chuma ulikuwa umechomoza sakafuni. Gona alisema zitajificha zote, lakini nyingine zilibaki zimeinua ncha, na hewa ya chumvi ilikuwa imeshazipiga kutu, sakafu ikawa na madoa ya kahawia. Badi aliyafunika kwa mkeka, na mkeka ulikuwa umesogea. Unyayo wa Nasreen ulitoka tone la damu. Wanawake walimzunguka, mmoja akaleta pamba.

"Nyumba yenu yauma, Bi Tumu," Nasreen alisema, akacheka, na wenziwe wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Tumu aliomba radhi. Aliomba tena. Alipiga magoti akautandaza mkeka vizuri kwa viganja vyake, mbele ya watu, kama mtumishi wa nyumba yake mwenyewe.

Sumeya aliketishwa katikati, mikono kwenye mito, na mwanamke wa kupaka hina akaanza kazi yake. Alasiri wakaanza vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Wanawake walijipanga safu mbili, pembe zikagongwa kwa vijiti, na wimbo ukaanza polepole kama ilivyo ada, miguu yote ikienda pamoja na kushuka pamoja. Chumba kilijaa, na waliokosa nafasi walijaa kwenye ukumbi wa juu. Tumu aliwatazama kutoka mlangoni, na kwa kitambo alisahau. Binti yake alikuwa akicheka.

Alishuka chumbani kwake kuchukua bilauri zaidi za sharubati. Mlango ulijifunga nyuma yake. Alipotaka kutoka, ulikataa. Aliusukuma kwa bega, kisha kwa mgongo. Juu ya kichwa chake miguu ilishuka, na kila iliposhuka fremu ilitoa mlio mfupi, na unga mweupe wa jipsam ukaanguka juu ya bilauri. Alisimama akasikiliza. Mguu, mlio, unga. Aliita, lakini nani angemsikia na vugo limekolea. Akaziweka bilauri chini, akaukamata mlango kwa mikono yote miwili akauvuta na kuusukuma akilia kwa hasira, mpaka ubao wa juu ukapasuka na yeye akatokea ukumbini na kucha imemkatika.

Alipanda ngazi. Ngazi ilikuwa moja, nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja, na hapo juu ndipo alipojua asichoweza kusema. Akisema dari inaanguka, watakimbilia ngazi hii wote kwa pamoja, na watoto wao, na vikongwe wao. Akinyamaza, watacheza mpaka magharibi. Alipita katikati ya safu, akaifikia pembe ya mwimbishaji, akaipokonya mkononi mwake.

Vugo likakatika. Hakuna mtu aliyewahi kuona vugo likikatwa hivyo.

"Shukeni," Tumu alisema. "Ngoma imekwisha. Tokeni nde ya nyumba yangu."

Wengine walitabasamu, wakidhani ni utani wa harusini. Nasreen alimwuliza kwa upole kama ana homa.

"Sina homa. Mumekuja kunitazama tangu siku ya posa, mumetazama dari, mumetazama mitungi, mumetazama sakafu. Basi mumeshaona. Tokeni, mmoja mmoja, na musikanyage mikeka yangu kwa nguvu. Mkubwa wenu atangulie."

Sumeya alisema, "Mama," mara moja tu, na mwanamke wa hina akabaki ameshika kijiti hewani.

Nasreen alijitanda buibui. Mtu wa ukoo wake hakimbii akifukuzwa. Alitembea polepole, kichwa juu, mguu wenye pamba akiuweka kwa uangalifu, na nyuma yake wakafuata mmoja mmoja, kimya, kwa heshima zao zote, kama wanaotoka matangani. Ndivyo Tumu alivyotaka. Alisimama kando akiwatazama usoni kila aliyepita, nao hawakumtazama. Alipobaki Sumeya alimshika kwenye kiwiko, hina mbichi ikimpaka kanga, akamteremsha.

*

Badi alirudi kutoka msikitini akakuta njia imejaa wanawake wakivaa viatu, na hakuna aliyemjibu salamu. Aliingia sebuleni. Tumu alimwambia avunje jipsam. Badi alisema ataivunja, wallahi ataivunja yote, ili aone kwa macho yake alichokifanya, na kisha ampeleke kwa kaka yake. Alichukua mchi wa kinu akapanda juu ya meza akapiga. Maua yakaanguka, taa zikaning'inia kwa nyaya zake.

Ufa ulikuwa katikati kabisa, toka ukuta hata ukuta. Haukuwa kijistari. Badi alitia vidole vikaingia. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetandaa kutoka upande mmoja hadi wa pili, nyingine zimekatika, nyingine bado zinavuta, na za chuma zilikuwa zimechomoka kwenye zege kama misumari kwenye mbao mbovu. Slabu yote ilikuwa imebonyea kuelekea chini. Badi alibaki na mkono wake mle ndani, na mchi mkono wa pili.

Imad alikuja mbio na maboriti yakapatikana kwa jirani aliyekuwa akijenga. Waliyasimamisha sebuleni na chumbani, wakayapigia kabari chini mpaka yakakaza. Imad alipomaliza aliketi kwenye kifusi cha maua ya jipsam akaficha uso.

"Ile ya Changamwe imelala chini, shangazi," alisema. "Ardhi ndiyo iliyoibeba. Nyuzi zilikuwa zikizuia nyufa tu. Mimi niliona haipasuki, nikadhani imejibeba yenyewe." Alipangusa macho. "Ingekuwa nondo za kutosha zimepita pale katikati, hata ingepasuka, zingeishika."

Tumu alimwambia anyanyuke akanawe. Hakuwa na hasira naye. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa imepata bado mtu wa kumwendea.

Ilimpata baada ya isha. Badi alikaa mbele yake, kati ya maboriti, akasema amefikiri. Watu wa Kisauni walikuwa wameshapiga simu. Wakiambiwa kweli, watasema walialikwa waje wazikwe, na Nasreen ana watoto wa dada yake waliokuwa juu pale. Harusi itavunjika, na si hiyo tu, hakuna atakayemposa Sumeya katika nyumba iliyotaka kuua wageni. Imad atafukuzwa kazi kwa mifuko ile. Yeye mwenyewe hatakuwa na uso wa kufungua duka.

"Tukiisema slabu, twaangamia sote," alisema. "Ukisemwa weye, watakuombea dua."

"Nisemwe nini?"

"Kuwa waumwa. Kuwa ulipandisha pepo, ukasikia sauti. Hutokea kwa wanawake, wataelewa. Nimeshamwambia babake Mussab hivyo, na amekubali. Harusi ifanywe kwao, na watoto wakae huko, mpaka upate nafuu."

Tumu alimgeukia binti yake. Sumeya alikuwa kwenye mkeka, mkono mmoja una maua ya hina mpaka kiwikoni na wa pili mtupu. Alikuwa ameuona ufa. Alikuwa ameushikia Imad tochi. Alitazama mkono wake mtupu.

"Ni kwa muda tu, Mama," alisema.

*

Sumeya aliolewa Kisauni, katika nyumba ya wakwe, chumba cha nyuma kinachopakana na jiko la Nasreen. Tumu hakwenda. Mgonjwa haendi harusini, na angekwenda, vugo lingeanza wote wangemtazama mikono. Alisikia kwa majirani kuwa ilifana. Majirani nao walikuwa wameanza kumsemesha polepole, kwa sauti ya kumsemeshea mtoto, na mmoja alimletea maji ya dua kwenye chupa ya soda.

Kabla ya mwezi kwisha, Nasreen alikuja kumjulia hali. Badi aliufunga mlango wa sebule kwa ufunguo, maboriti yasionekane, na wageni wakakaribishwa barazani. Sumeya alikuwa nyuma ya mkwewe, amembebea mkoba. Alimbusu mamake mkono, akaketi upande wa Kisauni.

Nasreen alisema amesamehe tangu siku ile ile. Maradhi hayana mwenyewe. Na mtoto wanampenda, hawatamhesabia la mamake, inshallah watamfunza mambo ya nyumba taratibu. Kisha akasogea karibu akamshika Tumu goti.

"Twaambiwa ulisikia sauti, Bi Tumu."

Badi, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, alikohoa. Sumeya aliufungua mkoba na kuufunga.

"Ndiyo," Tumu alisema. "Niliisikia."

"Na sasa?"

"Sasa siisikii tena. Alhamdulillahi."

Nasreen alimwekea mkono kichwani akamsomea, kwa sauti ya chini, na Tumu alikaa ametulia mpaka akamaliza, akaitikia amina. Walipoinuka kuondoka Tumu aliuliza kama Sumeya atabaki naye kidogo, hata mpaka alasiri. Sumeya alimtazama mkwewe kwanza. Kisha akasema siku nyingine, Mama.

Tumu aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi, akaomba ufunguo kwa mumewe. Alipita sebuleni kwa ubavu, kati ya boriti na boriti, akaingia chumbani. Kabari zilikuwa zimeiinua slabu kidogo. Aliusukuma mlango wa mamake kwa kidole kimoja, nao ukafunga bila neno.